Kilomita za Mteremko

Kuna mafundi wa "tutaangalia", na kuna mafundi wa "njoo Ijumaa uchukue". Hasna Masoudi alikuwa wa "njoo Ijumaa", na Ijumaa yake ilikuwa Ijumaa kweli. Gereji yake ilikuwa Mbinga mjini, nyuma ya maduka, kwenye ua ambao babu yake aliyetoka Kilwa alikuwa akiwekea marobota ya kanga. Biashara ya nguo haikumwingia Hasna kichwani hata chembe. Kilichomwingia ni injini. Akiwa na miaka thelathini na sita, hijabu kaifungia nyuma ya shingo, ovaroli imelowa oili mpaka magotini, alikuwa akisikia pikipiki inapita barabarani anakwambia valvu ipi imelegea. Ukibisha, shauri yako. Wiki ijayo utairudisha unaisukuma.

Basi mwezi wa nne pikapu iliingia uani, nyuma imebeba kitu kimefunikwa turubai, na mbele akashuka mzee mmoja, mtu mkubwa wa kilo mia kasoro kidogo, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Hasna.

"Marahaba, binti. Mimi ni Mwalimu Tarsisi, natoka Liuli. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Nimeambiwa hapa kuna fundi asiyeogopa."

"Kuogopa nini?"

Mwalimu akavuta turubai. Honda CG ya mwaka themanini na sita! Tangi limepauka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, injini imevaa vumbi la mafuta lililoganda mpaka huoni mapezi yake ya kupozea. Hasna aliizunguka mara mbili. Akaubonyeza mkono wa kiki kwa kiganja. Ulishuka mlegevu, hewa yote inatoroka, pistoni haishiki kitu.

"Imekwisha hii, Mwalimu."

"Najua. Nataka uianze upya. Tena iwe na nguvu kuliko ilivyozaliwa. Nataka impandishe mke wangu kutoka ziwani hadi Mbinga bila kushuka."

Hapo ndipo alipoieleza habari yenyewe, amekaa kwenye kreti la soda, mikono magotini. Mkewe anaitwa Winifrida. Dada yake Winifrida, Rosina, ameolewa huku Mbinga kwenye kahawa, na kila mwaka kahawa ikianza kuiva Winifrida hupanda kumtembelea, anapanda na furushi la usipa waliokaushwa, anashuka na maharage. Mwaka ule Mwalimu aliponunua Honda mpya, ya kwanza kijijini kwao, alimwambia mkewe mbele ya watu: kuanzia leo, Mbinga utafika umekaa. Wakatoka alfajiri, wamependeza. Walipofika kwenye kona kali za mlimani, injini ikakoroma, ikagoma. Ikabidi Winifrida ashuke atembee, Mwalimu atangulie na pikipiki, amsubiri juu. Na ndivyo ilivyokuwa mwaka ule, na uliofuata, na yote iliyofuata, karibu miaka arobaini.

Tuseme ukweli, Honda ile haikuwa na kosa. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu na mkoba wake. Haikumtarajia Mwalimu Tarsisi.

"Siku hizi kuna lami, kuna Noah," alisema Hasna. "Kuna pikipiki mpya madukani zinameremeta."

"Pikipiki mpya sikumwahidi mtu," alijibu Mwalimu. "Niliahidi kwa hii." Akatoa simu, akabonyeza, akamkabidhi Hasna. "Ongea naye mwenyewe."

"Wewe ndiye fundi?" ilisema sauti ya mwanamke, kavu na ya haraka.

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa sikia, mwanangu, usimdanganye mume wangu. Mwaka jana nilishuka kwenye hicho chuma kwa mara ya mwisho. Goti limekataa. Mwaka huu nikipandishwa, nifike nimekaa. Nikishushwa hata kona moja, sipandi tena mpaka nizikwe, nitakuwa napanda Noah na wenzangu, na yeye atatembelea pikipiki yake peke yake. Umenielewa?"

"Hutashuka, mama."

"Unasema wewe."

"Nimesema mimi, Hasna Masoudi."

Ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi mwingine, Adinani, anayetengeneza bodaboda mpya tu kwa kuwa, kama mwenyewe alivyopenda kusema, maiti ana wenyewe wa kumzika. Alivuka jioni ile ile kuja kuchungulia.

"Utaiua," alisema.

"Imeshakufa. Mimi nafufua."

"Umeanza tena kiburi."

"Kiburi ni cha asiyejua kazi. Mimi najua. Nishikie taa hapo."

Alichokijua Hasna ni hiki: bodaboda nyingi za siku hizi injini zake zimetokana na ukoo ule ule wa CG. Zile kubwa za cc mia moja na hamsini, pistoni yake inapanda na kushuka mwendo ule ule, ila imenenepa tu, kutoka milimita hamsini na sita na nusu hadi sitini na mbili. Ukichukua silinda na pistoni ya mjukuu ukavisha kwa babu, babu anapata kifua kipya. Tatizo ni kwamba shingo ya silinda mpya haiingii kwenye mdomo wa kasha la injini ya zamani. Lazima mdomo upanuliwe. Kasha lenyewe ni aluminiamu ya miaka arobaini, ukikosea kwa unene wa ukucha umelitoboa, na la kubadilisha hulipati Mbinga, hulipati Songea, pengine hulipati kokote.

Aliifungua injini kwa siku mbili. Kila bolti kwenye kopo lake, kila kopo na karatasi yake. Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa nzima, jambo lililomfanya apige kofi la furaha peke yake. Beringi zake zilikuwa zimechoka, akazing'oa kwa kulipasha moto kasha mpaka zikaanguka zenyewe, asizigonge kwa nyundo kama wafanyavyo wenye haraka zao. Platini za kuwashia, zile za kusawazisha kwa sandpepa kila mwezi, alizitoa akazirudisha kwa Mwalimu kwenye bahasha ziwe kumbukumbu, akaweka kiwashio cha umeme kisichotaka kubembelezwa. Kabureta akatia kubwa zaidi. Valvu akazisaga kwenye viti vyake kwa mkono, akamwaga petroli juu, akangoja saa nzima. Halikuvuja tone.

Kisha akalifunga kasha kwenye kanga kuukuu kama mtoto na kulipeleka kwa Stephano, mchonga vyuma mwenye mashine kubwa kule karibu na soko. Stephano alilishika, akaligeuza, akakuna kidevu.

"Dada Hasna, nikikata hapa, hakuna kurudi."

"Sikuja kurudi. Kata."

"Likipasuka?"

"Likipasuka nitampigia mama mmoja Liuli nimwambie kwa mdomo wangu. Na sina mpango wa kupiga simu hiyo. Kata, nusu milimita kwa nusu milimita, na kila ukitoka mimi napima."

Walikata kuanzia asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Vipande vyembamba vya aluminiamu vikawa vinamwagika sakafuni vinang'aa, na kila mara Stephano akisimamisha mashine Hasna aliingiza kipimo, akasoma, akanyoosha kidole: bado. Mara ya mwisho alichukua silinda mpya, akaipaka oili kidogo, akaishusha kwenye mdomo wa kasha. Iliingia kwa uzito wake yenyewe, polepole, ikakaa. Stephano akacheka kwa sauti. Hasna naye akacheka, maana kwa kweli tangu saa nne alikuwa amejikaza tu.

Siku Mwalimu alipokuja kuichukua, Adinani alikuwepo, na wateja watatu, na mama muuza maandazi. Hasna alikanyaga kiki mara moja. Mara moja tu, andika! Injini ikaitika, sauti nene ya chini, imetulia, haina kelele ya bati wala kikohozi. Mwalimu alitoa leso akafuta macho mbele za watu wala hakujali.

"Haya," alisema Adinani. "Nimekubali. Lakini mlima bado."

"Mlima unakuja," alisema Hasna. Akamgeukia Mwalimu, akamtolea macho, maana sehemu hii hakutaka mchezo. "Mwalimu, nisikilize kama mwanafunzi. Pistoni mpya na silinda mpya ni kama bi harusi na mama mkwe. Wanahitaji muda wa kuzoeana, na ukiwaharakisha watakwaruzana mpaka mwisho. Kilomita mia tano za kwanza, usipakie mtu. Usivuke mwendo wa arobaini. Ukifika mia moja, mwaga oili, tia mpya. Mita nimekufungia mpya, inaanza na sifuri. Ikisoma mia tano, injini imezoea, ndipo umpakie mama."

"Mia tano," alisema Mwalimu, akaandika kwa kalamu yake kwenye kiganja. "Mimi hesabu hazinipiti."

Na hazikumpita. Mwezi wa sita katikati alipiga simu: mita inasoma mia tano na kumi na mbili, oili imemwagwa mara mbili badala ya moja, mama yuko tayari, usipa wamefungwa, tunapanda Jumamosi. Hasna akasema sawa. Lakini hakuwa mtu wa kungoja matokeo akiwa amekaa gerejini. Jumamosi asubuhi alipanda Noah inayoteremka Mbamba Bay, akashuka njiani pale kona kali zinapoanzia, akakaa kwenye ukingo wa lami na chupa yake ya maji. Nia yake ilikuwa moja, aisikie injini inapita na watu wawili juu yake, asikie inavyovuta, apunge mkono, kisha adake gari lolote arudi zake mjini kumkebehi Adinani.

Saa tatu na robo akaisikia inakuja kutoka chini.

Alisimama. Akainamisha kichwa. Mtu mwingine angesikia pikipiki tu. Hasna alisikia sauti imekauka. Injini inavuta, ndiyo, lakini kwa kubanwa, na juu ya mvumo wake kuna mlio mwembamba wa chuma kinachosugua chuma bila raha. Walitokea kwenye kona, Mwalimu mbele kajaa, nyuma Winifrida, mwembamba, kilemba cheupe, furushi la usipa limefungwa nyuma yake. Mwendo ulikuwa unapungua ingawa mkono wa Mwalimu ulikuwa umezungusha mafuta mpaka mwisho.

Hasna aliingia katikati ya barabara akatanua mikono.

"Klachi! Shika klachi! Zima!"

Mwalimu akashika, akazima, akasimama anahema utadhani ni yeye aliyekuwa akivuta. "Kuna nini?"

"Nimeshuka?" aliuliza Winifrida. Hakuwa ameshuka. Aliuliza kama mtu anayetaka iandikwe rasmi.

"Hujashuka, mama. Shikamoo. Kaa hapo hapo usisogeze hata kidole. Mwalimu, wewe shuka. Tuitie stendi ya katikati na mama juu yake."

Haikuwa kazi ndogo, lakini Mwalimu alikuwa na mwili wa kuvuta, na pikipiki ikakaa juu ya stendi na Winifrida juu ya kiti, amenyooka, mkoba mapajani. Hasna alitemea mate mapezi ya silinda. Yalichemka yakapotea. Akabonyeza kiki kwa kiganja, ikashuka nusu ikagoma. Imebana. Haijakwama, lakini kona moja zaidi ingekwama, na pistoni ingejiganda kwenye silinda, na kazi yote ile, na kasha lile lisilo na pacha, basi.

Akatazama mita. Mia tano na sabini na moja.

"Oili ulibadilisha?"

"Mara mbili."

"Mwendo?"

"Arobaini sikuvuka. Thelathini na tano, sana sana."

"Ulipakia mtu?"

"Hata kuku."

"Sasa mbona ngumu kama imetoka kwangu jana?" Hasna alisimama, mikono kiunoni, amekasirika na hajui amkasirikie nani. "Mwalimu, nieleze ulivyoendesha. Kuanzia siku ile ulipotoka kwangu. Hatua kwa hatua."

Mwalimu akaeleza, tena kwa fahari. Kwamba alitoka Mbinga, akafika hapa juu mlimani mteremko ulipoanza, akazima injini kama kawaida, akaiachia iteremke yenyewe mpaka karibu na ziwa. Kwamba kule Liuli na vijiji vya pwani ya ziwa alizunguka kila siku, akipanda kilima kwa injini, akifika juu anazima, anateremka bure. "Tangu mwaka themanini na sita sijawahi kuunguza petroli kwenye mteremko," alisema. "Hata tone."

Lori la makaa ya mawe lilipita likipiga honi.

"Mita inaendeshwa na gurudumu la mbele," alisema Hasna polepole.

"Naam."

"Gurudumu la mbele linazunguka hata injini ikiwa imezimwa."

Uso wa mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na minne ulibadilika rangi mbele ya macho yao.

"Ukitoa miteremko yote," alisema kwa sauti ndogo, "na ile ya kwanza kutoka hapa... Injini imetembea mia mbili. Na hamsini, labda."

"Labda! Mia tano za gurudumu, Mwalimu, mia mbili za injini! Pistoni bado bi harusi, na wewe umempakia mama na usipa unapanda mlima!" Hasna aligeuka, akapiga teke kijiwe, akarudi. Maana hasira ilikuwa imeshapata njia ya kurudi kwake mwenyewe. Nani kwenye milima hii asiyezima injini kwenye mteremko? Bodaboda wote wanazima. Adinani anazima. Yeye mwenyewe Hasna, fundi mkuu, Ijumaa iliyopita tu alishuka kutoka kwa shangazi yake amezima, anasikia upepo masikioni. Alikuwa amemwambia mzee mambo yote isipokuwa hilo moja, kwa kuwa lilikuwa la kila siku mno hata halionekani. "Kosa ni langu," alisema. "Nilipaswa kukwambia. Astaghfirullah, nilipaswa kukwambia."

"Nipige simu pikapu ije?" aliuliza Mwalimu, mabega yameshuka.

Winifrida alifunga mkoba wake, akashika ukingo wa kiti, na mguu wake mzima ukaanza kutafuta ardhi.

"Mama! Mguu!" alipiga kelele Hasna.

Mguu ukasimama hewani.

"Nilisema hutashuka. Injini haijafa, imekaza tu, na mimi naijua kuliko ninavyojijua. Tunaipoza. Kisha tunaizoeza leo, hapa hapa, mlima huu huu. Ringi za pistoni zinakaa vizuri zikipewa mzigo kidogo na kupumzishwa, mzigo kidogo na kupumzishwa. Mzigo kidogo, nimesema." Akamtazama Mwalimu kuanzia viatu hadi kofia. "Mimi nina kilo arobaini na nane na chai ya asubuhi imo humo. Nitaendesha mimi. Mkono wangu utaisikia ikitaka kubana kabla haijabana. Mama anakaa nyuma. Wewe, Mwalimu, unatembea."

"Natembea?"

"Kona ni tano. Na usipa unawabeba."

Winifrida akarudisha mguu wake mahali pake. Kisha akaifungua kamba ya furushi kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi mumewe furushi.

Walingoja karibu saa nzima. Hasna alifungua plagi, akamimina oili kidogo tunduni, akaibonyeza kiki taratibu mpaka ikalegea. Akaongeza oili, akairekebisha kabureta ipitishe petroli nyingi kidogo, ipunguze joto la injini. Akawasha. Akaiacha ivume, akaitega sikio, akapanda. "Shika kiuno changu, mama." Wakaondoka kwa gia ya kwanza, taratibu sana, anaongeza, anaachia, anaongeza, anaachia, na kila injini ilipovuta ndani ya kiganja chake alijua ni wapi inaumia na wapi imekubali. Juu ya kona ya kwanza alisimama, akazima, wakangoja. Mwalimu akatokea baada ya dakika ishirini, kofia mkononi. Hasna hakumngoja apumzike. Kona ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, Mwalimu alikaa kwenye lami wazi wazi, halafu akainuka tena.

Juu ya kona ya nne Hasna alizima, wakatazama chini. Mwalimu alikuwa kama nukta, amejikunja chini ya furushi. Anatembea hatua kumi, anasimama.

Winifrida akaanza kucheka. Alicheka mpaka pikipiki ikatikisika, mpaka Hasna akaishika vizuri isije ikaanguka.

"Unajua, mwanangu, nilikuwa nikifika juu namkuta amekaa kwenye jiwe, amevua viatu. Ananiuliza, Mama Mansuetus, mbona umechelewa? Kila mwaka. Mbona umechelewa." Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Sikuwahi kumjibu. Nilikuwa sina pumzi ya kumjibu."

Hasna aliweka mkono juu ya silinda. Ilikuwa ya moto, lakini moto wa kazi, moto ulio sawa pande zote. Akabonyeza kiki kwa kiganja, ikashuka laini, nzito, mpaka mwisho, ikarudi. Akairudia kwa furaha tu. Imefunguka. Wallahi imefunguka!

Mwalimu alifika. Alilitua furushi, akashika magoti, shati limemganda mwilini, kalamu imepotelea njiani. Ilimchukua muda mrefu kupata sauti. Alipoinua kichwa hakumtazama Hasna, alimtazama mkewe, na hakumwita Mama Mansuetus.

"Winifrida," alisema. "Hivi ndivyo ulivyokuwa unatembea? Miaka yote?"

"Na mtoto mgongoni," alisema Winifrida.

Mzee alisimama pale barabarani, mikono imelegea, na machozi yakamtoka bila kificho.

Hasna akashuka kwenye pikipiki. Akageuza uso kidogo, akajifanya anakaza kofia ya oili. "Mwalimu, injini iko tayari sasa," alisema. "Inabeba wote wawili. Furushi niachieni mimi, nitakuja nalo na gari. Imebaki kona moja tu."

"Acha niimalize," alisema Mwalimu. "Hii moja angalau. Mpeleke wewe."

"Tarsisi," alisema Winifrida. "Kutembea nimetembea mimi, inatosha kwa nyumba nzima. Sikutaka utembee. Nilitaka unifikishe. Panda."

Akapanda. Springi za nyuma zilizama, zikalia kidogo, zikatulia. Hasna alimwonyesha kwa vidole: gia ya pili, usiminye sana, isikilize. Kisha akarudi nyuma, na ile Honda ya themanini na sita ikaondoka na watu wawili juu yake.

Walipotea kwenye kona, na kilichobaki ni sauti. Hasna alisimama na furushi la usipa miguuni, kichwa ameinamisha. Gia ya pili. Bado ya pili. Hapo pakali. Injini ikazama kidogo, naye akazama nayo, akashika kifua. Kisha ikapata nguvu, ikavuta, nene, imetulia, ikapanda ikapanda mpaka ikavuka mgongo wa mlima na kuzidi kufifia. Hakukuwa na mahali ilipokatika.

Aliruka peke yake barabarani kama mtoto. Noah ilipofika, kondakta alimuuliza dada unanuka usipa na oili, umetoka wapi, naye akamjibu kwamba ametoka kazini.

Walikuwa wanaingia Mbinga simu ilipolia.

"Fundi," ilisema sauti kavu ya haraka, ila sasa ilikuwa chini, karibu mnong'ono. "Nipo uani kwa Rosina. Nimefika."

"Alhamdulillahi! Hukushuka?"

"Bado sijashuka. Ndugu wote wamejaa hapa wananishangaa, Rosina anapiga vigelegele, goti limekufa ganzi, na huyu mwanamume amenikataza kushuka peke yangu. Ameingia ndani kutafuta kigoda nikanyagie."

Hasna akasikia kwa mbali sauti ya mzee ikisema subiri, subiri, nakuja.

"Kata simu, mama," alisema. "Mshike mkono."